Ulyankulu: Umeme Uliosubiri Uraia

Ulyankulu ni eneo la misitu ya miombo lililoko kaskazini-magharibi mwa mji wa Tabora, chini ya kilomita 100 kutoka mjini hapo, ambalo Serikali ya Tanzania ililitenga mwaka 1972 kuwa makazi ya wakimbizi, yaani sehemu maalumu yenye mipaka, uongozi na masharti yake, ambamo watu waliokimbia mauaji ya Burundi walipewa ardhi ya kulima na kujenga. Ndani ya miaka michache makazi hayo yalikusanya watu makumi ya maelfu, idadi ambayo ingetosha kuyafanya yahesabiwe miongoni mwa miji ya magharibi mwa nchi, lakini hayakuitwa mji, hayakuwa na baraza la mji, na kwa zaidi ya miongo mitatu hayakuunganishwa na gridi ya umeme. Maelezo ya kawaida ya hali hiyo hutaja umbali, umaskini na uchache wa fedha za taifa, na yote matatu yana ukweli wake. Hata hivyo historia ya Ulyankulu, ikisomwa sambamba na ile ya majirani zake, inaonyesha kwamba kilichochelewesha nguzo kuliko yote hayo ni shaka ya dola juu ya swali moja tu, nalo ni iwapo watu wale wangebaki.

Katika karne ya 19 Ulyankulu ilikuwa mojawapo ya nchi ndogondogo za Wanyamwezi zilizotawaliwa na watemi, nayo ilikuwa jirani na Unyanyembe, ambako wafanyabiashara Waarabu na Wahindi walianzisha kituo cha Kazeh mwanzoni mwa miaka ya 1850, kituo ambacho baadaye kilimezwa na mji wa Tabora. Kutoka hapo misafara ya wapagazi waliobeba nguo, shanga, baruti na bunduki iligawanyika, mingine ikishika njia ya magharibi hadi Ujiji na mingine ikielekea kaskazini-magharibi hadi Karagwe na Buganda, na kwa kuwa Ulyankulu ilikaa kando ya njia hizo, haikuweza kukwepa vita vilivyozuka mwaka 1871 kati ya Waarabu wa Tabora na Mtemi Mirambo. Mwezi Agosti mwaka huo kikosi kilichoongozwa na Soud bin Sayd kiliiteka ngome ya Ulyankulu na kuchukua pembe za ndovu pamoja na mateka, lakini kilipokuwa njiani kurudi kikiwa kimelemewa na mizigo, Mirambo alikivizia na kukiangamiza pamoja na kiongozi wake. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa amelala na homa katika kijiji cha jirani siku hiyo, alilisimulia tukio hilo katika kitabu chake, na hivyo jina la Ulyankulu likawafikia wasomaji wa Ulaya na Marekani likiwa jina la uwanja wa vita.

Umeme ulipoingia Tanganyika ulifuata reli, na jambo hilo ndilo lililoamua sura ya nuru katika nchi nzima ya magharibi kwa muda mrefu. Wajerumani waliwasha mitambo ya kwanza Dar es Salaam mwaka 1908 kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyoishi wenyewe. Reli ya Kati ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Na chini ya Waingereza, mwaka 1931, huduma ya umeme ilikabidhiwa kwa kampuni mbili binafsi, TANESCO iliyoshughulikia maporomoko ya mto Pangani, na DARESCO iliyoendesha mitambo ya mafuta Dar es Salaam na katika miji ya ukanda wa reli, yaani Dodoma, Tabora na Kigoma, pamoja na Mwanza. Umeme huo ulikuwa wa stesheni, ofisi, Uzunguni na Uhindini kabla haujawa wa mtu mwingine yeyote. Kampuni hizo zilitaifishwa mwaka 1964 na hatimaye kuunganishwa kuwa shirika moja la umma, lakini ramani waliyoirithi wananchi ilikuwa ileile ya wakoloni, ya vituo vichache vyenye mwanga vilivyopangwa juu ya mstari wa reli, na pande zote mbili za mstari huo giza.

Nje ya mstari huo, kwa upande wa magharibi wa Tabora, serikali ya kikoloni ilikuwa na shughuli nyingine kabisa, nayo ni vita dhidi ya malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o. Kuanzia miaka ya 1920 watu waliokuwa wametawanyika msituni waliamriwa kuacha mashamba yao na kukusanyika katika makazi makubwa yaliyofyekwa, kwa hoja kwamba mbung'o hukosa kivuli na mazalio pale ambapo watu wengi wanalima pamoja. Mbinu hiyo iliokoa maisha, hilo halina ubishi, ila gharama yake ilikuwa kuacha maeneo mapana bila watu, ambayo yalirudi kuwa pori na kuwa mali ya wanyama na wadudu walewale. Kwa hiyo mapori ambayo maofisa wa Tanzania huru waliyaona kuwa matupu na yanayofaa kupokea wageni yalikuwa, kwa sehemu kubwa, zao la uhamishaji wa awali. Jirani na hapo, Urambo, Waingereza walijaribu mwaka 1947 mradi wao mashuhuri wa karanga, uliokufa ndani ya miaka michache na kuacha barabara, mitambo chakavu na wazo kwamba udongo ule ungefaa tumbaku.

Mauaji ya Burundi yalianza mwishoni mwa Aprili 1972, baada ya uasi wa Wahutu kusini mwa nchi, wakati jeshi na utawala wa Rais Michel Micombero ulipogeuza kuzima uasi kuwa maangamizi yaliyowalenga Wahutu, hasa wale waliokuwa na elimu, wakiwemo walimu, wanafunzi, makarani, wauguzi na wachungaji. Makadirio mengi ya waliouawa yanazidi watu 100,000. Walionusurika walivuka mpaka na Ziwa Tanganyika kuingia Kigoma, ambako walipokewa katika vijiji vya Waha, watu ambao lugha yao inakaribiana na Kirundi kiasi cha wageni na wenyeji kuelewana bila mkalimani. Laiti ingetegemea wakimbizi wenyewe, wengi wangebaki hapohapo, karibu na mpaka na karibu na habari za nyumbani. Lakini Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 uliyataka mataifa yawaweke wakimbizi mbali na mpaka wa nchi walikotoka, na mwaka 1973 majeshi ya Burundi yalishambulia vijiji vya Tanzania vya mpakani, jambo lililoifanya hoja ya usalama isiwe ya kwenye karatasi tu. Wakimbizi wakapakiwa kwenye malori wakapelekwa ndani ya nchi, kwanza Ulyankulu na muda mfupi baadaye Katumba, karibu na Mpanda.

Uendeshaji wa makazi uliwekwa chini ya mapatano ya pande tatu: Serikali ya Tanzania ilitoa ardhi na utawala, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilitoa fedha, na shirika la makanisa ya Kilutheri lililojulikana kwa kifupi chake cha TCRS lilifanya kazi yenyewe ya kupima viwanja, kuchimba visima, kujenga shule na zahanati na kugawa chakula mpaka mavuno ya kwanza yapatikane. Katikati ya pori zilinyooshwa barabara zilizopewa namba badala ya majina, na kila familia ilikatiwa kiwanja chake kando ya barabara, nyumba mbele na shamba nyuma, kiasi kwamba mtu wa Ulyankulu alipoulizwa anakoishi alijibu kwa kutaja namba. Mpangilio huo ulikuwa na sifa zote ambazo mpimaji wa miji angezipenda, kwa maana kaya zilikuwa zimepangwa kwa mstari, njia zilikuwa pana, na shule, soko na zahanati vilikuwa mahali panapojulikana. Kusambaza umeme katika sehemu ya namna hiyo ni rahisi kuliko katika kijiji cha kawaida cha Kinyamwezi, ambamo nyumba zimetawanyika kufuata mashamba, na inafaa jambo hili likumbukwe na yeyote anayedhani kwamba giza la Ulyankulu lilisababishwa na ugumu wa kiufundi.

Kilichokosekana ni hadhi. Sheria ya Kudhibiti Wakimbizi ya mwaka 1965, ambayo hata jina lake linatangaza nia yake, iliwaweka wakazi chini ya mkuu wa makazi aliyeteuliwa na serikali, na mkazi aliyetaka kutoka nje ya mipaka, iwe kwenda hospitali ya Tabora au kumtembelea ndugu, alipaswa kupata kibali cha maandishi. Wakazi hawakupiga kura, kwa hiyo hawakuwa na mbunge wala diwani wa kuwasemea, na katika Tanzania ya miaka hiyo, ambamo barabara, kisima au laini ya umeme ilipatikana kwa kuombwa na kurudiwa kuombwa kupitia chama na halmashauri, kutokuwa na msemaji kulikuwa sawa na kutokuwepo.

Usiku wa Ulyankulu ulitawaliwa na mafuta ya taa. Taa ya wengi ilikuwa koroboi, ambayo ni kopo la bati lililotobolewa kifuniko na kupitishwa utambi wa pamba au kitambaa, isiyo na kioo, yenye moshi mweusi unaoganda kwenye makuti au nyasi za paa na kwenye pua za watoto wanaosomea karibu nayo. Aliyejiweza kidogo alimiliki chemli, taa yenye kioo cha kuzuia upepo inayoweza kubebwa mkononi, na taa ya heshima ilikuwa karabai, inayojazwa upepo kwa pampu na kuwaka kwa soksi nyeupe inayotoa mwanga mkali, ambayo ilikodiwa au kuazimwa kwa harusi, matanga na mikesha ya ibada. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Uganda na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, Tanzania nzima iliingia katika uhaba wa bidhaa, na mafuta ya taa yakawa miongoni mwa vitu vilivyopangiwa foleni pamoja na sabuni, sukari na chumvi; kaya ambazo hazikupata kitu zilirudi kwenye mwanga wa kuni za jikoni. Mahindi yalisagwa kwa mashine za dizeli pale zilipokuwapo na zilipopata mafuta, na pale zilipokosekana kinu na mtwangio havikuwa vimesahaulika.

Pamoja na hayo, Ulyankulu haikuwa mahali pasipo na nishati, na hapa ndipo penye kinaya kikubwa zaidi cha historia yake. Zao la biashara la makazi lilikuwa tumbaku ya mvuke, aina ambayo majani yake hukaushwa ndani ya bani, nyumba ndefu ya udongo yenye tanuri na mabomba ya kupitishia joto, kwa moto unaochochewa usiku na mchana kwa takribani wiki nzima bila kuachwa upungue wala uzidi. Mkulima au mwanawe alilala mlangoni mwa bani, akiamka kila baada ya muda kuongeza magogo, huku nyumbani kwake mita chache kutoka hapo koroboi ikizimwa mapema ili mafuta yafike mwisho wa wiki. Miti ya miombo iliyoteketea katika mabani hayo ilikuwa mingi mno, na wataalamu wa misitu wamelilalamikia jambo hilo kwa miaka mingi. Tumbaku iliyotokana nayo ilipelekwa mnadani na kuuzwa nje kwa fedha za kigeni, ambazo taifa lilizihitaji kununulia, pamoja na mambo mengine, mafuta ya mitambo ya umeme ya mijini. Wakimbizi wa makazi ya magharibi walikuwa wazalishaji wakubwa wa zao hilo, na kwa upande huo wa daftari hakuna aliyewaona kuwa watu wa muda.

Ulyankulu haikudumu hata miaka kumi kabla ya kugundulika kwamba ilikuwa imepokea watu kupita uwezo wake. Maji yalikuwa machache, udongo wa sehemu nyingi ulichoka haraka, na kuanzia mwaka 1978 serikali na wahisani wake waliamua kuwahamisha watu zaidi ya 20,000 kwenda kwenye makazi mapya ya Mishamo, upande wa kusini-magharibi, ndani ya pori jingine la mbung'o. Baadhi walikataa, kwa sababu waliokwishafyeka msitu mmoja kwa mikono hawakuona kwa nini wafyeke wa pili, na kwa sababu uhamisho kwa amri ulifanana mno na mambo waliyoyakimbia. Wengi walikwenda, kwa hiari au la. Waliobaki walipata nafasi zaidi, na mwaka 1980 wahisani waliyakabidhi makazi ya Ulyankulu rasmi kwa serikali kwa maelezo kwamba yamejitosheleza. Kujitosheleza katika lugha ya mashirika kulimaanisha kwamba wakazi walijilisha na kuuza ziada, na ni kweli walifanya hivyo. Kwa upande wa fedha kulimaanisha kwamba mfuko wa nje umefungwa, wakati mfuko wa ndani, ule wa wilaya, haukuwa na fungu kwa watu ambao si raia.

Mwaka huohuo wa 1980 Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000, na mwaka 1983 Rais Julius Nyerere alitunukiwa nishani ya Nansen kwa sera yake ya ukarimu. Warundi wa Ulyankulu waliusikia uamuzi huo redioni, kwa maana redio ya betri ndiyo iliyokuwa chombo cha umeme kilichoenea kuliko vyote katika makazi, lakini wenyewe hawakuguswa nao.

Mfano wa Urambo unasaidia kupima kilichowezekana. Urambo ilikuwa mji mdogo wa kilimo cha tumbaku kama Ulyankulu, katika wilaya ileile na bila gridi, lakini wakazi wake walikuwa raia, na katika miaka ya 1990 walianzisha ushirika wa watumiaji wa umeme, wa kwanza wa aina yake nchini, uliosaidiwa na shirika la misaada la Sweden, Taasisi ya Mazingira ya Stockholm na TANESCO. Kuanzia mwaka 1994 ushirika huo uliendesha jenereta za dizeli kwa saa chache za jioni, na wanachama ndio waliopiga kura kuhusu bei, ambayo ilikuwa juu kuliko ya TANESCO na bado walikubali kuilipa, kwa sababu mwenye duka, mwenye baa na mwuguzi wa zahanati walijua thamani ya saa nne za mwanga. Wasomi wa Sweden na Tanzania waliandika kuhusu ushirika huo kwa shauku, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo, ingawa maandishi hayo hayaulizi swali linalojitokeza kwa anayetazama ramani: kwa nini jambo hilo lilitokea Urambo na si upande wa kaskazini, ambako watu walikuwa wengi zaidi, walipangwa vizuri zaidi kando ya barabara na walikuwa na mauzo ya tumbaku. Ushirika wa umeme unahitaji mkopo, mkopo unahitaji dhamana, na dhamana inahitaji mtu ambaye benki na wizara zinaamini kwamba atakuwapo baada ya miaka kumi.

Jina la Ulyankulu lilienea Tanzania nzima, hata hivyo, kwa njia ya sauti. Kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu, iliyochukua jina lake kutoka kwenye mojawapo ya zile njia zenye namba, ilipata wasikilizaji kwa kanda za kaseti kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, na wengi waliozipiga kanda hizo majumbani na kwenye mabasi hawakujua kwamba barabara hiyo ilikuwa ya wakimbizi, wala kwamba ilikuwa haina umeme wa kuchezeshea kaseti isipokuwa wa betri.

Katika miaka ya 1990 upepo uligeuka. Vita vya Burundi vya kuanzia 1993, mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994 na vita vya Kongo vilileta wakimbizi wapya kwa mamia ya maelfu katika mikoa ya Kagera na Kigoma, uvumilivu wa kisiasa ukapungua, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ikasisitiza kambi na kurudi nyumbani. Wakazi wa Ulyankulu, ambao wengi wao kufikia wakati huo walikuwa wamezaliwa hapohapo na kuzungumza Kiswahili kwa ufasaha kuliko Kirundi, walijikuta wakiwekwa katika kapu moja na waliofika jana.

Mpango ulioanza kulitatua suala lao ulitangazwa mwaka 2007. Sensa ya mwaka huo katika Ulyankulu, Katumba na Mishamo ilihesabu watu wapatao 218,000, ambao waliulizwa wachague kati ya kurudi Burundi na kuomba uraia wa tajnisi, yaani uraia anaopewa mgeni kwa maombi. Takribani asilimia 80 walichagua Tanzania, na kufikia mwaka 2010 maombi ya watu 162,156 yalikuwa yamekubaliwa. Sharti lililoambatana na ukubali huo lilikuwa zito, kwa kuwa makazi yangefungwa, raia wapya wangetawanywa katika mikoa mingine, na hati zao zisingetolewa mpaka wahame. Watu waliohamishwa mwaka 1972, na wengine tena mwaka 1978, waliambiwa wajiandae kwa safari nyingine, safari hii kama malipo ya kuwa Watanzania. Mikoa iliyotarajiwa kuwapokea haikuwa na haraka, fedha hazikutosha, na mwaka 2011 mpango wa kuwatawanya ulisimamishwa bila kufutwa.

Miaka hiyo ya kusubiri ndiyo iliyokuwa mibaya zaidi kwa maendeleo ya makazi, kwa sababu ilifanya kuwa rasmi kile ambacho awali kilikuwa dhana. Hakuna ofisi inayopeleka nguzo, transfoma au hata madawati mapya mahali ilipotangaza kwamba patafungwa, na wakazi nao walisita kuezeka bati au kupanda miembe, kama mpangaji aliyepewa notisi anavyosita kupaka chokaa. Gridi yenyewe wakati huo haikuwa mbali sana. Umeme unaoingia Tabora hushuka kutoka Shinyanga kwa laini ya kilovolti 132 inayopitia kituo cha kupozea umeme cha Lusu, wilayani Nzega, yaani mahali ambapo umeme wa msongo mkubwa hupunguzwa nguvu ili usambazwe, na hivyo unafuata kinyumenyume mwelekeo ambao mpelelezi Mwingereza John Speke aliushika mwaka 1858 alipotoka Kazeh kwenda kuliona ziwa aliloliita Victoria. Lusu ilikuwa pia mahali pa mgodi wa Golden Pride, mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa enzi ya soko huria nchini, uliofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Nguvu ya umeme ilikuwa imeshafika Unyamwezi, kwa maneno mengine, lakini ilikwenda kwa waliohesabika.

Kwa wasiohesabika, bajeti ya mwaka 2011/12 iliongeza mzigo. Wafanyabiashara wa mafuta walikuwa wakichanganya dizeli na mafuta ya taa, yaliyotozwa ushuru mdogo, mchezo ambao Watanzania waliuita uchakachuaji, na serikali ilijibu kwa kupandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita ili kuondoa faida ya udanganyifu huo. Hoja ya kikodi ilikuwa sahihi na matokeo yake yalikuwa ya kidhalimu, kwani waliolipia dhambi ya vituo vya mafuta vya mijini ni wale ambao taa yao pekee ilikuwa koroboi. Katika sehemu kama Ulyankulu hatua hiyo iliharakisha jambo ambalo hakuna wizara iliyolipanga, yaani kuondoka kwa mafuta ya taa na kuingia kwa tochi za betri kutoka China, kisha paneli ndogo za sola zilizonunuliwa baada ya mauzo ya tumbaku na kuwekwa juu ya paa kwa ajili ya taa mbili tatu na kuchaji simu, yako na ya jirani, kwa malipo.

Sharti la kuhama liliondolewa hatimaye, na tarehe 14 Oktoba 2014, katika kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru mjini Tabora, Rais Jakaya Kikwete alianza kuwakabidhi raia wapya hati zao. Kilichofuata kinathibitisha hoja ya historia hii kuliko maelezo yoyote, kwa maana mambo ambayo hayakutendeka kwa miaka 42 yalianza kutendeka kwa mfululizo. Kaliua, ambayo Ulyankulu ni sehemu yake, ilikuwa imeshakuwa wilaya. Katika uchaguzi wa mwaka 2015 Ulyankulu ilikuwa jimbo lenye mbunge wake. Na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005 wakati takribani watu wawili tu katika kila 100 vijijini walikuwa na umeme, uliingia katika awamu yake ya tatu kwa lengo la kuvifikia vijiji vyote vya nchi, vya Kaliua vikiwemo. Pori lilikuwa lilelile, umbali uleule na umaskini haukuwa umepungua sana. Kilichobadilika ni kwamba wakazi walikuwa wapiga kura.

Hesabu ya kufikiwa nayo ina mitego yake. REA huhesabu vijiji 12,318 nchini, na kijiji huingia katika orodha ya vilivyounganishwa mara laini inapofika katikati yake, kwa kawaida penye shule, zahanati au ofisi ya mtendaji, wakati huduma kwa vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000, ni kazi nyingine yenye bajeti nyingine. Katika makazi yaliyojengwa kwa mstari kando ya barabara ndefu, nyumba za mwanzo zinaweza kuwa na luku, mita ya malipo ya kabla, na nyumba za mbele kwenye barabara hiyohiyo zikaendelea na sola. Tangu mwanzoni mwa mwaka 2022, tena, ada ya kuunganishiwa umeme imekuwa shilingi 27,000 katika eneo linalohesabiwa kuwa kijiji na shilingi 320,960 katika eneo linalohesabiwa kuwa mji, tofauti ambayo imezua malalamiko katika vijiji vingi vilivyopandishwa hadhi na kuwa mitaa ya mamlaka za miji. Ulyankulu, ambayo kwa miongo minne ilinyimwa jina la mji ingawa ilikuwa na watu wa mji, sasa ina sababu ya kifedha ya kutolitaka jina hilo mpaka barabara zake za mwisho ziwe zimevutiwa nyaya.